Maskio masafi lakini huskii vizuri? Cheki kifupa cha ndani

Mara nyingi hapa dukani kwetu, tunapopima maskio na kuuza mashine za kuskia, hutujia mtu ataka kuoshwa maskio. Ashanunua matone duka la dawa, ashachokora na kijiti cha pamba, wengine washatiwa hadi mafuta moto ya kitunguu saumu (jamani wacheni hiyo), na bado akiongeleshwa ni "ati?" kila saa. Tukimulika na taa twaona njia safi, nta hakuna, ngoma ya sikio iko sawa. Hapo wengine hukasirika, manake wamekuja wakijua ni uchafu tu.

Sababu moja ya hali hiyo ni otosklerosisi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti, nyundo, fuawe na cha mwisho kikuku, ambacho ni kama milimita 3 tu, hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Kikuku chatakiwa kitikisike ndo sauti iingie sikio la ndani. Sasa kwa mwenye shida hii mfupa wa hapo huanza kujijenga ovyo ukakishika pole pole, kama bawaba iliyoliwa na chumvi ya bahari, mlango upo lakini hausongi. Matone hayafiki huko hata umwage chupa nzima.

Huanza sana sana kati ya miaka 20 na 40, wanawake zaidi ya wanaume, na hutembea kwenye ukoo, kwa hivyo tukikuuliza kama mama au khalati yako alipoteza kuskia mapema si udaku. Wazungu ndio huupata zaidi, kwa Waafrika ni nadra, ila Mombasa hii tumechanganyika damu za kila pwani. Sikio moja hutangulia, kisha kwa wengi na la pili hufuata, na wengine huskia mlio ndani usionyamaza. Kitu cha ajabu ni kwamba mtu huyu huongea kwa sauti ya chini badala ya kupiga kelele, kwa sababu sauti yake mwenyewe humfikia kupitia mifupa ya kichwa. Halafu ndani ya matatu ya Bamburi, muziki umefunguliwa hadi mwisho, yeye askia maneno vizuri kuliko akiwa kwake sebuleni! Kelele ile humfikia imepungua na watu wote wamepaza sauti. Thomas Willis, daktari Mwingereza wa karne ya 17, aliandika kuhusu mke aliyeskia pale tu ngoma ikipigwa chumbani, basi mumewe akaajiri mpiga ngoma ili wapate kuzungumza.

Kupima hakuumi. Twagonga kile kichuma cha meno mawili, twakishika karibu na sikio, kisha twakibandika kwa mfupa wa nyuma yake na kukuuliza wapi kimelia zaidi. Wengi husema mbele. Ukisema "hapo nyuma, kwa mfupa", tunajua sauti inakwama njiani, ndo tunakuingiza chumba kimya tupime kwa hedifoni na kwa mfupa, tulinganishe michoro miwili. Halafu twakupeleka kwa daktari wa maskio, pua na koo, manake kuthibitisha ni kazi yake.

Tiba? Hakuna kidonge cha kukifungua kikuku. Kama hali ni nyepesi waweza kungoja huku ukipimwa. Mashine ya kuskia husaidia sana kwa sababu kwa wengi sikio la ndani bado zima, ingawa baadaye ugonjwa waweza kuligusa pia. Na kuna operesheni, daktari atia kipini kidogo badala ya kikuku, kazi iliyoanzishwa na John Shea huko Marekani mwaka 1956. Wengi hurudi kuskia vizuri, lakini kama mmoja katika 100 huweza kupoteza kabisa kuskia kwa sikio lile, ndo maana huanza na lililo baya zaidi. Baada yake hakuna kupiga mbizi wala kupanda ndege mpaka daktari aruhusu, wavuvi na mabichiboi mskie hapo.

Sisi twauza mashine, lakini usinunue kwetu wala kwa mwingine kabla daktari hajakuona. Ukishanunua, usiku itoe betri, uiweke kwa kikopo chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, joto la hapa laziua haraka.

Ukija, beba majibu ya vipimo vya zamani hata kama karatasi imechakaa, na uje na mtu mnayeishi naye, huyo ndo atakayetuambia tivi mwaifungua hadi wapi.