Chumvi kwenye tangi la samaki

Kigoma, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana na bado anauliza lini utakuja kula migebuka. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaona bora nikuandikie kwa kirefu.

Umeniuliza kama uweke kijiko cha chumvi kila wiki, kama alivyokuelekeza aliyekuuzia samaki. Somo, usiweke. Mimi nilielekezwa vivyo hivyo nikatii, na niliyoyaona sitaki yakukute.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60. Kila Jumamosi nilijaza maji yaliyopungua, kisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji ya zamani sikuyatoa, naongezea tu. Kumbe maji yanakauka, chumvi inabaki. Kijiko kimoja ni kama gramu 6. Piga hesabu ya miezi sita: vijiko 26, zaidi ya gramu 150, yaani kama gramu mbili na nusu kwa kila lita. Hicho ni kipimo cha kutibu mgonjwa, na mimi samaki wangu walikuwa wazima. Ukingoni mwa kioo na chini ya mfuniko palikuwa na ukoko mweupe, naufuta kwa kitambaa, kesho kutwa umerudi. Majani yale marefu kama utepe yakaanza kuoza kutoka nchani, ukiyashika yanateleza kama mlenda. Halafu kambale wangu watatu wadogo, wenye sharubu, wakaacha kupekua mchanga. Walijibanza kwenye kona moja, mashavu yakipiga haraka haraka. Wawili walikufa kabla sijajua kosa liko wapi. Yule wa tatu alipona baada ya kubadilisha maji kidogo kidogo kwa wiki mbili, na mpaka leo nikimwona anapekua nafurahi.

Samaki wa maji baridi, damu yake ina chumvi, kama gramu 9 kwa lita, nyingi kuliko maji anayoishi. Kwa hiyo maji yanamwingia kupitia mashavu muda wote, naye anayatoa kwa mkojo kutwa kucha, huku mashavu yakiokoteza chumvi iliyomo majini ili irudi mwilini. Akiwa mzima kazi hiyo anaimudu, ndivyo alivyoumbwa. Akiwa na jeraha au mashavu yameharibika, chumvi inamvuja, na hapo ukimwekea kidogo majini unampunguzia mzigo. Ndiyo maana mimi chumvi naiweka kwenye kabati la dawa.

Siku utakayoihitaji utaijua. Ukiona madoa meupe mwilini, kama mtu amemnyunyizia punje za chumvi yenyewe, na samaki anajikuna kwenye mawe, basi mhamishie, yeye na wenzake wote, kwenye chombo cha pembeni. Weka gramu 2 kwa kila lita, ukiikoroga kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi na kuimimina kwa awamu, ndani ya siku moja au mbili. Pandisha joto polepole mpaka nyuzi 28, na pampu ya hewa isizimwe, maana maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Madoa yakitoweka usiache. Kijidudu kile hakifi kikiwa kimejificha chini ya ngozi, kinakufa kikitoka kuogelea, kwa hiyo endelea siku kumi au zaidi. Na tangi lenyewe liache bila samaki hata mmoja kwa muda huo, wale vijidudu waliobaki wakose pa kushika.

Tatizo la pili linalohitaji chumvi linakuhusu zaidi, kwa sababu tangi lako lina wiki tatu tu na bakteria wa kwenye chujio bado hawajatulia. Nitriti, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki ambayo bakteria hao huiondoa, ikipanda, damu ya samaki inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa. Utawaona juu wanatweta. Badilisha nusu ya maji kwanza, kisha nusu gramu ya chumvi kwa lita inatosha kuizuia nitriti isiingie kupitia mashavu. Nunua kile kipimo cha matone cha kupimia nitriti, tafadhali, usikisie.

Kuna wanaosema samaki wa ziwa letu hawaishi bila chumvi, eti kwa sababu madukani kuna pakiti zimeandikwa chumvi za Tanganyika. Somo, maji haya sisi tunayanywa! pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakaribia 9 kwa sababu ya bikaboneti iliyomo, madini ya jamii ya magadi. Hata ukimwaga kilo nzima ya chumvi ya Uvinza, pH haipandi. Zile pakiti ni mchanganyiko mwingine kabisa, na wewe una samaki wa dhahabu na kambale. Maji yenu ya Dodoma yanayoacha ukoko kwenye birika yanawatosha hao wa dhahabu kama yalivyo.

Kwa leo usiku toa robo ya maji, weka mapya yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana, na kile kijiko kirudishe jikoni. Ukishapima nitriti nitumie namba, hata ikiwa usiku wa manane, simu yangu iko wazi.

Wasalimie watoto.

Ni mimi somo yako