Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mashudu ya Soya

Ndugu wanachama,

Hesabu mhazini ameshazisoma, ada zimeingia vizuri, sitazirudia. Naomba tukae zaidi kwenye mashudu ya soya, maana huko ndiko tulikoteleza.

Mnaukumbuka mzigo ulioshushwa Kizota mwezi Machi. Hati ilisema soya ya Zambia. Tulipofika magunia ya chini tukakuta chapa ya nchi nyingine, imekwanguliwa nusu. Wenzetu wawili walikuwa wameshachanganyia kuku wa mayai. Siwalaumu, bei ilikuwa nafuu na kuku hawajui kusubiri. Ila sehemu kubwa ya soya inayouzwa duniani ni GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba, na Kanuni za mwaka 2009 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zinataka kibali kwanza kabla ya kuiingiza nchini.

Vijiti vya kupima haraka tulivyonunua havikuonyesha kitu, tukapumua. Tulikosea. Kijiti kinatafuta protini ya GMO, na mashudu yameshapita kwenye joto la kiwandani ambalo huiharibu. Vipande vya vinasaba ndivyo vinavyobaki, na hivyo huonekana maabara, kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba. Majibu yalikuja baada ya wiki tano: GMO imo. Sisemi mayai yale yalikuwa na sumu. Nasema aliyeyanunua pale Majengo alikuwa na haki ya kuambiwa kuku wamekula nini, na sisi wenyewe hatukujua. Hilo limeniuma mwaka mzima.

Hapa Dodoma GMO si jambo geni. Mahindi ya majaribio yalipandwa Makutupora 2016, na 2018 serikali ikaamuru majaribio yasitishwe. Lakini yale kila mtu alijua yako wapi.

Muuzaji alipokana, hatukuwa na sampuli ya kumwonyesha. Kwa hiyo sasa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli ndani ya gunia, lichome magunia ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, siyo ya mlangoni tu. Kinachotoka kichanganywe kwenye turubai safi, kigawanywe mafungu matatu na kutiwa lakiri mbele ya dereva: la maabara, la muuzaji, la kwetu.

Mabambo mawili yako kwa katibu. Mpigieni lori likiwa bado njiani.