Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: jicho halingoji rufaa

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote. Nilikuwa nimenyamaza, lakini juzi jirani yangu karudi kutoka kituo cha afya na kichupa cha dawa ya matone. Jicho linamuuma akiligeuza, na rangi nyekundu anaiona imefifia. Ni yaleyale aliyoyasema binti yangu, na dawa ni ileile. Nimeshindwa kuvumilia.

Binti yangu ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Alianza kwa maumivu nyuma ya jicho, kisha uzi mwekundu akawa anauona kama umefuliwa mara mia. Akaambiwa ni vumbi, akapewa matone. Matone yatafikaje kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu wa kuonea, ulio nyuma ya jicho?

Tulikwenda Dar es Salaam kwa nauli ya kukopa. Daktari wa huko alianza na tochi tu: akaihamisha kutoka jicho moja hadi la pili, na mboni ya jicho bovu ikatanuka badala ya kusinyaa. Palepale akasema neva ina shida. MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ikaonyesha ala, yaani utando unaoizunguka neva ya jicho, imevimba. Kwanza wakampima kaswende na kifua kikuu, maana navyo huleta hali hiyo na vina tiba yake. Ndipo akatundikiwa dripu ya methiliprednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, gramu 1 kwa siku, siku 3, kisha vidonge vya prednisoloni vya kupunguzwa polepole, kwani vikikatwa haraka uvimbe hurudi. Nuru imerudi, si yote. Tiba ikichelewa ndivyo inavyokuwa. Leo kumtungia uzi kwenye sindano ni kazi yangu mimi mama yake.

Mheshimiwa, tuliahidiwa mkutanoni, tukapiga makofi, kwamba mgonjwa wa macho hatahangaika tena kwenda Dar es Salaam. Sidai MRI leo. Najua bei yake. Nahisi wahudumu wetu hawajafundishwa, na wachache waliopo wanaelemewa na foleni. Lakini tochi ipo kila kituo! Toa agizo: jicho likiuma kwa kugeuzwa na rangi zikififia, mgonjwa amulikwe na apewe rufaa siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, Mheshimiwa, si baada ya kumaliza kichupa.

Na jirani yangu bado yuko nyumbani na matone yake. Ana watoto wadogo. Nakuomba umwagize daktari wa macho ampokee kesho asubuhi, nitamleta mwenyewe.

Mama wa fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga