Ukinyimwa viza, usimkimbilie dalali

Mhariri,

Hapa Malindi, kijana akinyimwa viza ya kwenda Italia kumtembelea nduguye, habari hazikawii kuenea. Kesho yake dalali yuko mlangoni: ana mtu wake ubalozini, na taarifa ya benki ataitengeneza yeye.

Jamani, msimpe hata pasipoti! Barua ya kunyimwa viza ya Schengen, yaani ile ya Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hutaja sababu na namna ya kukata rufaa. Isomeni kwanza. Kuomba upya pia kunaruhusiwa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Hati ya kughushi ndiyo balaa, maana Uingereza huweza kukufungia mlango miaka 10, Kanada miaka 5.

Inaniuma mama kuuza dhahabu yake amlipe tapeli. Waliokwisha kuliwa pesa wapeleke ujumbe wa M-Pesa polisi.

Mkazi wa Malindi