Barua kwa Nyar Kisumo kuhusu ile klabu ya MUN

Nyar Kisumo, habari ya huko kwa joto?

Mesej yako niliisoma nikiwa kwa steji, mvua ya Nakuru ishaanza, ndio maana sikujibu saa hiyo. Ati mwalimu mwenzako anauliza hii MUN, Model United Nations, wanafunzi kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa (UN) kila mmoja akipewa nchi ya kuisemea, ni ya nini na kama si mchezo wa watoto wa shule za pesa. Iliniuma, aki. Wacha nikuandikie vizuri na ukitaka umsomee.

Kwanza mwambie hii kitu ni ya zamani kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe. Miaka ya 1920 kulikuwa na lile Shirikisho la Mataifa pale Geneva, lililotangulia UN, Marekani ikakataa kujiunga ingawa rais wao Wilson ndiye alilipigania sana, na bado wanafunzi wa huko huko Marekani wakawa wanaigiza vikao vyake, Syracuse walikuwa na mkutano wao 1927. Nchi yao haina kiti Geneva, wao wamejipatia viti chuoni. Hiyo huwa inanigusa kila nikiikumbuka.

Shirikisho lenyewe lilishindwa, unajua ile ya Ethiopia, Italia ikavamia 1935 na Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva Juni 1936 kuwaomba msaada na wakamwacha hivyo. Hicho kikao ndicho mimi hupatia wanafunzi wangu kwanza. Mwaka jana msichana wa kidato cha tatu alipangiwa kuwa Uingereza, akakataa kabisa, akasema hawezi kutetea hao watu, nikamwambia enda usome kwanza walikuwa wanaogopa nini. Alirudi baada ya wiki na karatasi nne, alikuwa ameelewa walitaka Italia isiegemee upande wa Hitler, na bado alikuwa na hasira, lakini sasa hasira yake ilikuwa na hoja. Hakuna somo lingine limewahi kunipa siku kama hiyo.

Halafu 1945 UN ikaundwa na vyuo vikahamia huko, badala ya Geneva wakaanza kuigiza Baraza Kuu na Baraza la Usalama na kura ya turufu. Unakumbuka tukipewa Luxembourg, vile tulinuna juu tulitaka Kenya? Kumbe Luxembourg ilikuwa kati ya zile nchi 51 za mwanzo, na kutoka Afrika nzima zilikuwa nne tu, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Sisi tuliingia tarehe 16 Desemba 1963, siku nne baada ya uhuru. Tulijua hiyo kwa sababu tulipewa nchi ya wenyewe, tungepewa Kenya hatungefungua hata kitabu.

Shule za sekondari nazo zina mkutano wao mkubwa The Hague tangu 1968, na hapa kwetu kuna ule wa East Africa pale Gigiri, Nairobi, ofisi zenyewe za UN. Nauli ndiyo shida, hapo siwezi kukudanganya. Lakini kuanza hakuhitaji Gigiri, vibao vya majina ya nchi unakata na katoni, kengele unaazima ya shule, na azimio, ile karatasi wanayoipigia kura, ni sentensi moja ndefu yenye koma na nuktamkato mpaka nukta ya mwisho, waonyeshe moja tu watashika.

Sasa hapa nakuomba sana: usikae kiti cha mwenyekiti. Hii kitu waliianza wanafunzi, na mpaka leo The Hague anayeongoza kikao ni mwanafunzi, anayeambia wajumbe wa nchi fulani muda wao umeisha ni mwanafunzi. Mimi nilikalia hicho kiti muhula mzima na walikuwa wananiangalia mimi badala ya kujibizana, siku niliyohamia nyuma karibu na dirisha ndio kelele nzuri ilianza. Kaa nyuma hata wakikosea utaratibu, wataparurana kidogo kisha mmoja atatoa zile sheria asome.

Nakutumia vibao vyangu vya zamani na shatoo ya Ijumaa, viko ishirini na mbili, Luxembourg iko juu kabisa. Niambie nani ameichukua.

Wako wa Section 58