Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Vipimo vya Maji na Metali Zinazokutana Vizimbani

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe mkutanoni, wanachama wapya karibuni sana, na suala la vibali vya vizimba vyetu vya samaki limeisha vizuri kwa hiyo silirudii. Mimi nataka niongelee vipimo vya maji mana ndo kitu kilichotuumiza kichwa mwaka mzima.

Majibu ya maabara yalikuja yanasema kila metali iko chini ya kiwango, shaba sawa, zinki sawa, kadimi sawa, wengi tukashusha pumzi, lakini jamani sato hapitishi metali moja moja kwenye matamvua, anazipitisha zote kwa mpigo, na karatasi ile haina hata mstari mmoja unaosema zikikutana inakuwaje. Na sisi huku Geita mvua ikinyesha tu, maji ya kwenye marudio (mabaki ya udongo uliokwishachenjuliwa dhahabu) na plant za elusheni (mitambo ya kutoa dhahabu kwenye kaboni) yanashukia huku kwetu ziwani.

Hesabu ya sumu zikikutana sio ngeni, msingi wake uliwekwa na mwanasayansi Loewe mwaka 1926. Unachukua kiasi cha kila metali, unagawa kwa kiasi kinachoua nusu ya samaki kwenye jaribio la saa 96, alafu unajumlisha. Tuseme shaba 0.4, zinki 0.5, kadimi 0.3, jumla 1.2, yani hakuna hata moja iliyozidi nusu ya dozi ya kuua lakini kwa pamoja zimeshavuka 1, yani dozi kamili ya kuua nusu ya samaki. Mwanasayansi mwingine, Bliss, naye mwaka 1939 akaja na njia nyingine, ya sumu ambazo kila moja inapiga sehemu yake mwilini, unazidisha uwezekano wa kupona badala ya kujumlisha dozi. Ukitumia hizi njia mbili kwa maji yaleyale unaweza kupata majibu mawili tofauti, ndo mana nasema tusikubali kupewa jibu bila kuambiwa limepatikanaje.

Alafu metali zenyewe zinagombaniana mlango. Zinki na kadimi zote zinaingia kwa njia ya kalsiamu pale kwenye matamvua, kwa hiyo zinki ikiwa nyingi inaweza kumzibia kadimi na madhara yakawa madogo kuliko jumla ilivyosema, wakati shaba inavuruga sodiamu. Kalsiamu iliyomo kwenye maji nayo inasaidia kuzuia, na hapa ndo penye hatari kwetu, Ziwa Victoria maji yake ni laini, yani kalsiamu ni kidogo, kwa hiyo jedwali lililotengenezwa kwa maji magumu ya nchi nyingine litatuambia tuko salama wakati hatuko. Maabara lazima itupe ugumu wa maji, pH (kipimo cha uasidi) na kaboni ya ogani iliyoyeyuka (inayotokana na mabaki ya mimea na viumbe), mana hiyo kaboni inaishika shaba isimfikie samaki. Bila hivo vitatu namba za metali hazitusaidii sana.

Zebaki naiweka pembeni kabisa. Yenyewe inajikusanya kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa hadi kwa anayekula sangara, hesabu ya saa 96 haiwezi kuionyesha, inabidi ipimwe kwenye minofu.

Kuhusu vifo vya mwaka huu, sisemi ni metali, samaki kuhema juu ya maji kunaweza kuwa ni oksijeni imeshuka na ziwa letu lina tabia hiyo. Ila ukiona wanahema fungua kifuniko cha shavu uangalie, kama kuna ute mzito umegandamana kwenye matamvua piga picha, pima oksijeni hapohapo, chota maji siku ileile, usingoje kesho.

Mwaka ujao napendekeza tuchote sampo kabla ya mvua za kwanza na baada yake, na maji hayohayo yajaribiwe kwa dafnia, kidudu kidogo cha majini, kwa saa 48, mana kile kidudu kinaupata mchanganyiko wote kama ulivyo, hata vitu ambavyo hatukuvilipia kupimwa. Gharama itaongezeka na mchango wa sasa hautoshi, ndo hoja ya pili kwenye mkutano, mje mmeshaongea na wenzenu wa kila mwalo tupige kura.