Dodoso lililokuja limeshafungwa

Mhariri,

Mimi ni mama wa kijana wa miaka tisa mwenye usonji (autism), asiyezungumza. Naomba nafasi kwa jambo lililonikaa moyoni.

Miaka miwili iliyopita walikuja nyumbani watafiti wa chuo kikuu kimoja. Vijana wa adabu, sina neno nao. Nikatia saini fomu ya ridhaa, kamera ikawashwa, na kwa wiki 12 wakahesabu mwanangu anatamka nini na anamtazama mtu usoni kwa sekunde ngapi. Siku ya mwisho nikauliza niandike wapi kwamba usiku halali, na kwamba jino likimuuma hana namna ya kuniambia ila kugonga kichwa ukutani. Binti aliyeshika dodoso akalipekua mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali. Tangu siku hiyo sijawasikia, wala matokeo sijayaona.

Hili ndilo wanaloliita kushirikisha jamii. Tulishirikishwa kama nafaka inavyoshirikishwa na kinu.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2014 mtafiti Liz Pellicano na wenzake walionyesha kwamba Uingereza zaidi ya nusu ya fedha za utafiti wa usonji zilikwenda kwenye biolojia, ubongo na namna akili inavyofanya kazi, ilhali wenye usonji na familia zao walitaka utafiti unaogusa maisha ya kila siku.

Afua, yaani mipango ya kuwasaidia watoto hawa, nazo huzaliwa hivyo hivyo, mbali na jikoni na chumba cha kulala. Mwanasaikolojia Ivar Lovaas alipochapisha matokeo yake mwaka 1987, kundi lililopata mafunzo mazito ya tabia lilikuwa la watoto 19, kila mmoja akifundishwa peke yake saa 40 kwa wiki au zaidi. Saa 40 ni ajira kamili! Tofauti na hayo, mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani ni vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na mazoezi yanafanyika mtoto akivaa, akila, akicheza. Hayo naweza kuyafanya hata siku niliyochoka.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Marekani, kundi la utafiti wa usonji liitwalo AASPIRE lilianza mwaka 2006 likiwa na watu wazima wenye usonji ndani ya timu ya utafiti yenyewe, wakichagua maswali na kuyarekebisha pamoja na watafiti wa vyuo vikuu. Mikutano wakaifanya kwa kuandikiana mtandaoni, ili anayekwama kusema naye achangie. Hilo halihitaji maabara.

Kwa hiyo wafadhili wadai kuona, kabla ya kutoa hata senti, ni mzazi gani na ni mwenye usonji gani walioketi wakati swali linatungwa, na kama walilipwa kwa muda wao. Nauli na soda si malipo.

Vijana wale wakirudi, mlango uko wazi. Naomba tuanze na usingizi.

Mama wa mtoto mwenye usonji